Eda ya Ghorofa ya Pili

Wiki iliyopita nilikuwa napanda ngazi za ghorofa ninayopanga sasa, mfuko wa nyanya mkono mmoja, funguo mkono wa pili, nikasikia harufu ya viatu vipya. Si viatu vya mtu mmoja aliyetoka dukani. Ni ile harufu nzito ya plastiki, gundi na katoni, inayokaa kooni mpaka unatamani maji. Mlango wa nyumba ya chini, alipokuwa akiishi mwalimu mmoja na watoto wake, ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa na makatoni kutoka sakafuni hadi darini. Kijana mmoja alikaa juu ya katoni anachezea simu. "Mambo, dada," akanisalimia. Nikamjibu poa, lakini haikuwa poa hata kidogo. Nilifika kwangu nikafunga mlango, nikaufungua, nikaufunga tena. Nyanya nilizisahau kwenye ngazi.

Mtu anaweza kudhani nimechanganyikiwa. Makatoni Kariakoo yatamshangaza nani? Ila mimi nilikulia kwenye nyumba iliyoliwa na makatoni, chumba baada ya chumba, na najua kwamba yakishaingia chini hayabaki chini. Tangu siku hiyo situlii. Naosha vyombo visivyo vichafu, nachungulia dirishani bila kujua natafuta nini. Na nikifumba macho simwoni yule kijana na simu yake. Namwona Bi Zuhura.

Nyumba yetu ilikuwa upande wa Msimbazi, ghorofa mbili za zamani juu ya duka la viatu. Mwenye nyumba aliitwa Mzee Awadhi, Mwarabu wa hapa hapa mjini, na marehemu baba yake ndiye aliyeijenga. Alishinda dukani na kikombe chake cha kahawa. Watoto tukipita tunampa shikamoo, naye anajibu marahaba bila kuinua macho. Sisi tulikaa ghorofa ya kwanza, vyumba viwili. Baba alikuwa dereva wa malori ya Tunduma, akifika leo kesho kutwa ameondoka, kwa hiyo mambo yote ya nyumba yalikuwa ya Mama. Juu yetu, ghorofa ya pili, alikaa Bi Zuhura na mumewe, fundi saa mmoja mpole ambaye leo hata sauti yake siikumbuki. Hawakuwa na mtoto.

Mama na Bi Zuhura walikuwa hawasemeshani. Nilizaliwa nikaukuta huo ugomvi, na kila nilipouliza chanzo chake nilipewa chanzo kipya. Bi Zuhura alitwanga kisamvu na bizari kwenye kinu juu ya vichwa vyetu, chokaa inadondokea kwenye chai. Mama alipikia jiko la mkaa pale mlangoni, moshi unapanda moja kwa moja kwenye kanga alizoanika Bi Zuhura. Bi Zuhura akiosha varanda yake, maji yanatua kwenye mashuka yetu. Mama akitundika mashuka mapya, anayatundika palepale, makusudi. Maneno hawakupeana, walipeana vishindo. Kinu kikianza, Mama anachukua ufagio, anaugeuza, anagonga dari kwa mpini. Kutoka juu mchi unajibu sakafuni, puu, na chokaa nyingine inashuka. Wakipishana kwenye ngazi kila mmoja anaangalia ukuta wake, na mimi katikati natakiwa kusalimia, maana Mama hakutaka isemwe kwamba mwanawe hana adabu.

Halafu alikuja Nassor. Alikuwa mtoto wa kaka yake Mzee Awadhi, amerudi kutoka China na kontena lake la kwanza, suruali zake zimenyooka na simu mbili mkononi. Chumba kilichotazamana na chetu kilikuwa kimehamwa, akakijaza makatoni ya ndala. Ndipo harufu ile ilipoingia maishani mwangu. Baada ya hapo Nassor akaanza kusimama kwenye ngazi jioni, akimkamata kila mpangaji anayerudi. Anatabasamu, anauliza hali ya nyumbani, kisha anasema nyumba yote inakuwa stoo, kwa hiyo mtafute pa kwenda, mwisho wa mwezi tusisumbuane.

Mama alikwenda kwa mjumbe wa mtaa wetu, mama mmoja mnene aliyekuwa akiongea kana kwamba wote tuko ng'ambo ya barabara. Mjumbe alikuja mwenyewe. "Mpangaji hatolewi kwa maneno ya ngazini!" alimwambia Nassor mbele yetu. "Watu wamelipa kodi yao. Kama mnawataka watoke, toeni notisi ya maandishi, pitieni serikali ya mtaa, na wapewe muda wa kutosha." Nassor akacheka. "Mjumbe, shikamoo," akasema. "Hivi wewe mwenyewe una nyumba ngapi?" Mjumbe hakuwa nayo hata moja. Alikuwa amepanga kama sisi.

Siku zikawa zinakwenda mbio na Mama akawa hatulii. Alikuwa anafunga vyombo kwenye boksi asubuhi, mchana anavifungua kwa sababu hatuna cha kulia chakula. Alinituma dukani nikafika mlangoni akaniita nirudi. Nilijua tunaweza kutolewa, na kwa akili yangu ya mtoto wa darasa la tatu kutolewa maana yake ni kukaa barabarani juu ya kitanda, watu wanapita na mizigo kichwani na sisi tumelala.

Mwezi ulikuwa haujaisha alipofariki mume wa Bi Zuhura. Alianguka ghafla kwenye meza yake ya kutengenezea saa. Turubai likafungwa mtaani, wanaume wakajaa kwenye viti mpaka mbele ya duka, wanawake wakapanda juu. Mama naye akajifunga kanga kiunoni akapanda. Alimenya viazi, akasugua masufuria, akakaa mkekani na wenzake, akampa mfiwa mkono na pole, akashuka. Ugomvi wenyewe hakuna aliyeugusa. Uliwekwa pembeni tu, kama viatu mlangoni.

Baada ya mazishi, Mzee Awadhi alimwita Nassor na wabeba mizigo wake, akawaambia neno ambalo lilipanda ngazi likafika kila chumba: kwenye nyumba yake kuna mjane, mjane yuko eda, ngazi ni moja. Hakuna kupandisha mzigo wala kumgongea mtu mlango mpaka Bi Zuhura amalize.

Sisi ni watu wa Njombe, Jumapili kanisani. Eda sikuijua. Nikamuuliza Mama, naye alikuwa anachambua mchele na hakuwa na nafasi ya maswali. "Mumewe amefariki, kwa hiyo anakaa ndani," akasema. "Miezi minne na siku zake. Hatoki, hajipambi, hazungumzi na wanaume wa nje." Akapuliza makapi, kisha akaongeza kama anajisemea, "Akitoka yeye, na sisi tunatoka."

Hilo la mwisho ndilo nililoondoka nalo. Nilielewa kwamba Bi Zuhura amepewa kazi, kama yule askari wa mlango wa benki kule Posta. Kazi yake ni kukaa, na akikaa yeye nyumba haiwezi kuchukuliwa. Akivuka kizingiti, hata kwa dakika, hata kwa bahati mbaya, basi. Nikaanza kumlinda. Nilihamishia daftari zangu za shule kwenye ngazi, nikawa nafanyia hesabu pale, sikio langu mlangoni kwake. Akivuta komeo tu nasimama. Nilimwogopa na kumpenda kwa pamoja, kwa sababu niliamini anafanya yote yale kwa ajili yetu, pamoja na moshi wetu.

Dada yake aliyekuja kumsaidia alirudi kwao Tanga, na siku hiyohiyo mchi ukagonga sakafu. Haukuwa wa kutwanga. Uligonga taratibu, ukanyamaza, ukagonga tena. Mama akaangalia dari. "Anataka nini huyu?" Akanituma. Bi Zuhura alikuwa amekaa mkekani kwa nguo nyeupe, bomba la juu halitoi maji, ndoo tupu mbele yake. Nilimwambia Mama, na Mama bila neno akajaza ndoo, tukapandisha pamoja, yeye akaiacha mlangoni. Toka hapo ikawa ndiyo desturi. Mchi unagonga, Mama anagonga dari kwa ufagio maana yake nimesikia, mimi napanda: maji, mkate, mkaa, dawa ya kichwa. Sahani zetu hazikurudi tupu. Zilirudi na visheti, au kaimati zenye shira, na Mama alikuwa anazila amenuna.

Chumba kile kilinifanya nisitulie. Saa za wateja wa marehemu zilikuwa bado zimetundikwa ukutani, kila moja na wakati wake. Hii inasema saa nne, ile saa tisa, zote zinakwenda. Wenyewe walikuja mmoja mmoja kuzichukua. Zilizobaki hazikuwa na wa kuzitia ufunguo, zikawa zinasimama moja moja. Nilikuwa nikiingia nasikiliza ni ngapi bado zinalia. Nilihisi ya mwisho ikinyamaza, na sisi kwetu kwisha.

Siku moja mchana mchi uligonga haraka, bila mpango. Mama alipanda mwenyewe, na mimi nyuma yake. Bi Zuhura alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, presha imepanda, anasema haoni vizuri. Mama akanituma nimwite mjumbe. Mjumbe akaja na bajaji, akahema mpaka juu, akasema huyu ni wa kupelekwa Upanga hospitali sasa hivi. Wakamvisha baibui. Nikaona anaelekea mlangoni, nikawahi nikasimama kizingitini, mikono nimeitandaza.

"Usitoke!" nikapiga kelele. "Ukitoka tunafukuzwa!"

Wote watatu walinitazama. Bi Zuhura alishika mwimo wa mlango asianguke. "Nani kakwambia hivyo, mwanangu?"

Nikamnyooshea Mama kidole. Mama akaangalia sakafu.

"Mgonjwa anaruhusiwa kutoka," Bi Zuhura akaniambia polepole. "Naenda kutibiwa, narudi. Eda haivunjiki kwa hilo." Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani mwangu. Akamgeukia Mama. "Mama Neema, kaa humu mpaka nirudi. Pazia lisifunguliwe. Nassor akikikuta chumba kitupu atasema mjane kajitokea mwenyewe, na leo hii utaona makatoni hapa."

"Nenda salama," Mama akasema. "Sitoki."

Ilikuwa saa ya adhuhuri, wanaume wako msikitini, duka limefungwa nusu. Hakuna aliyemwona akipanda bajaji. Sisi wawili tukabaki nyuma ya pazia. Mlango uliachwa wazi kidogo kwa sababu ya joto. Mama alikaa palepale alipokuwa akikaa mwenzake, mkekani, mgongo ukutani, akaanza kutikisa mguu. Saa moja tu ndiyo iliyokuwa bado inakwenda.

Swala ilipokwisha tukasikia viatu kwenye ngazi. Viatu vya ngozi, vya mtu ambaye hana haraka. Mama akachukua kanga nyeupe ya Bi Zuhura iliyokuwa juu ya kitanda, akajifunika kichwa chote, akanivuta nyuma yake. Yeye, mwimba kwaya! Nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

"Hodi," sauti ya Nassor ikasema kutoka nje ya mlango. "Assalaam alaykum, Bi Zuhura. Usijibu, najua hali yako. Mimi siingii, nasimama hapahapa. Nina neno la Ami, Mzee Awadhi, tu."

Kupitia pazia nilikiona kivuli chake. Naye bila shaka alikiona cha Mama: mwanamke amekaa, amefunikwa, kama inavyotakiwa. Angevuta pazia kidogo tu angejua. Lakini mtu gani mwenye malezi yake atavuta pazia la mjane?

"Ami anasema wewe ni mtu wetu, na sisi tunamwogopa Mungu. Wewe hutoki. Chumba hiki ni chako mpaka utakapochoka mwenyewe, na juu ya hilo hatutazungumza tena." Akakohoa. "Hao wengine, siku ukimaliza eda nafungua vyumba vyao. Huyo wa chini yako, mwenye moshi, najua alivyokuchosha. Nitaanza na yeye."

Mguu wa Mama uliacha kutikisika.

"Tunaomba kitu kimoja tu. Mjumbe anazunguka anawajaza watu maneno, anataka mseme kitu kimoja wote. Wewe usiwe humo. Sasa, kwa kuwa huzungumzi, tutafanya kama kwa mwali anapoulizwa na kadhi. Ukikaa kimya, nitajua umeridhia. Nakwenda kumwambia Ami."

Hapo ndipo nilipoona Mama amebanwa. Akifungua mdomo, lafudhi ya Njombe itamtoa kabla neno halijaisha, na Bi Zuhura ataonekana ametoroka eda. Akinyamaza, ameridhia kwa niaba ya mwenzake, na anayetolewa kwa ukimya huo ni yeye mwenyewe, na mimi, na Baba huko njiani asiyejua lolote. Nilisikia ile saa moja. Nilisikia Nassor anavuta pumzi, kiatu chake kinageuka.

Mama akanyoosha mkono, akashika mchi, akaupiga sakafuni.

Puu. Akaupiga tena, na tena, chumba kizima kikatikisika, saa ya ukutani ikacheza kwenye msumari wake. Huko chini kwetu najua chokaa ilimwagika kwenye kila kitu.

"Basi, basi!" Nassor akasema. "Samahani, Bi Zuhura. Sikukusudia kukuudhi. Samahani sana." Viatu vya ngozi vikashuka, safari hii kwa haraka.

Bi Zuhura alirudi alasiri na dawa zake, uso umetulia kidogo. Mjumbe alimfikisha kitandani akaondoka. Mama alimweleza yote. Sikumsikia akipunguza chochote, hata lile la mwenye moshi alilisema kama lilivyosemwa. Bi Zuhura alisikiliza amefumba macho.

"Na wewe ukamjibuje?"

"Nikagonga mchi."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Niligonga mpaka akaondoka."

Bi Zuhura akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na katikati ya kicheko akalia. Mama alimwacha alie. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya ushungi. "Ungenyamaza tu," akasema, "mimi ningekuwa na nyumba ya maisha."

"Kama unaitaka, mwite umwambie," Mama akajibu, na sauti yake ilikuwa ileile ya zamani. "Mimi sikufungi mdomo. Nilijisemea mwenyewe, sikukusemea wewe."

Bi Zuhura akageukia ukuta. Tukashuka.

Wiki zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote. Sasa hatukuwa tunamwogopa Nassor peke yake. Mchi uligonga kama kawaida, ufagio ukaitika kama kawaida, nikapandisha maji, nikashusha sahani, na hakuna aliyegusia lile jambo. Mama alikuwa na kiburi cha kumtosha yeye na ukoo wake, asingeuliza. Bi Zuhura naye hakusema. Nilimtazama usoni kila siku nikitafuta jibu, nikaona mwanamke anayesoma msahafu wake na kumeza dawa. Saa ya mwisho ilisimama na mimi nipo. Nilitoka mbio.

Eda ikaisha. Asubuhi ile wanawake walipanda na ndoo za maji na kanga mpya bado zimekunjwa. Wakamwogesha, wakasoma dua, wakafukiza udi. Moshi wa udi ulishuka ngazi ukakutana na harufu ya plastiki pale kwetu, na mpaka leo siwezi kuzitenganisha harufu hizo mbili. Chini mikokoteni iliyojaa makatoni ilikuwa tayari imepangwa mbele ya duka. Wabeba mizigo walikuwa wamekaa ukingoni wanakunywa chai. Mama alikuwa ameshafunga vyombo, na safari hii hakuvifungua. Alinivalisha viatu vya shule ingawa ilikuwa Jumamosi, halafu akakaa juu ya boksi.

Mimi nilikaa ngazini, mahali pangu. Mzee Awadhi akaja mwenyewe mpaka mwanzo wa ngazi, kanzu safi, Nassor nyuma yake. Juu, mlango ukafunguka. Bi Zuhura akasimama kizingitini kwake. Nilikuwa nimemzoea kwa nguo nyeupe, na hapo alikuwa amevaa rangi, ana udi na hina, mwanamke ambaye sikujua kwamba ni mzuri.

"Mwenyezi Mungu akupe subira, Bi Zuhura," Mzee Awadhi akasema. "Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee Awadhi. Alhamdulillahi."

"Basi shuka, uwasalimie watu."

"Sishuki."

Nassor akapanda vidato viwili. "Bi Zuhura, eda haiongezwi. Tukuletee sheikh akwambie?"

"Nimeshasema eda imekwisha," akajibu. "Sasa nimekaa tu. Kukaa kwenye chumba ninachokilipia kodi nako kunataka sheikh?"

"Lakini wewe tumeshasema unabaki! Sisi tunawataka hao wengine."

"Nilisikia. Na nilikujibu, au hukusikia mchi?" Hapo aliinua sauti, ikateremka mpaka barabarani. "Mama Neema naye amekaa. Kila mtu humu amekaa kwake. Mzee Awadhi, nyumba ni yako, hakuna anayebisha. Ukitutaka tutoke, tupe karatasi kupitia serikali ya mtaa, tupe muda watoto wamalize shule, tutahama kama watu. Lakini mikokoteni hiyo, leo, haipandi. Itanikuta hapa."

Akaketi. Palepale kizingitini, na kanga zake mpya, miguu kwenye kidato cha kwanza. Na kutoka chumbani kwetu, ambako Mama alikuwa peke yake juu ya boksi lake, nikasikia mpini wa ufagio ukigonga dari.

Mzee Awadhi alikuwa amekasirika, nisimpambe. Alimwambia Nassor kitu kwa Kiarabu, kwa ukali, kisha akawageukia wabeba mizigo. "Rudisheni ndani," akasema, na mikokoteni ikapakuliwa. Notisi ililetwa baadaye, ya maandishi, kupitia pale panapotakiwa, na tukapewa muda mpaka nikafunga shule.

Msidhani Mama na Bi Zuhura walikuwa marafiki baada ya hapo. Kesho yake kinu kilitwanga kuanzia asubuhi, chokaa ikaingia kwenye chai, na Mama akagonga dari kwa hasira zote. Lakini nilikuwa nimeshaelewa kosa langu. Kwa miezi yote ile nilidhani tunalindwa na eda, na kwamba siku ikiisha hatuna kitu. Kumbe pale juu palikuwa na mtu ambaye angeweza kukaa kimya na kubaki na nyumba, akachagua kusema. Nilimpenda Bi Zuhura kwa hilo, na bado nampenda.

Tulihamia Mbagala. Yeye akaenda Tanga kwa dada yake, na huko ndiko alikozikwa. Nyumba ya Msimbazi sasa ni stoo mpaka juu, na madirisha yake hayafunguliwi. Mbagala juu yetu kulikuwa na bati tu. Mara nyingi nilimwona Mama akifagia, anasimama katikati ya chumba na ufagio mkononi, anaangalia juu.

Sasa hapa ninapopanga, juu yangu kuna mtu anayeburuta viti. Mwaka mzima ameburuta, na mwaka mzima nimemsema kwa shoga zangu bila kujua hata kama ni mwanamume au mwanamke. Leo baada ya magharibi viti vikaburutwa tena. Kijana wa makatoni alikuwa ameanza kupima mlango wa jirani yangu kwa futi. Nikachukua ufagio, nikaugeuza, nikagonga dari, taratibu, nikaacha nafasi, nikagonga tena.

Viti vikanyamaza. Nikasubiri, na ukimya ule niliuogopa kuliko makatoni.

Halafu kitu kizito kikagonga sakafu ya juu. Nikavaa ndala zangu, nikapanda.